Vidole viwili vya kamba: mwongozo kwa anayeanza njia ya bhakti

Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inasimulia habari za mama aliyetaka kumfunga mwanawe. Krishna, Mungu aliyekuja kama mtoto mtundu wa kijiji cha Gokula, alikuwa amevunja chungu cha maziwa ya mgando, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa na kuanza kuwagawia nyani siagi. Yashoda, mama yake, alimkimbiza hadi jasho likamtoka, akamkamata, akaleta kamba amfunge kwenye kile kinu. Kamba ikapungua vidole viwili. Akaunga ya pili, ikapungua vidole vilevile viwili. Akaunga kamba zote za nyumbani, majirani wakicheka, na bado vidole viwili. Mwishowe mtoto alimwona mama yake ametota jasho, maua yamemdondoka nyweleni, akamhurumia, akakubali kufungwa.

Wafafanuzi wa Kivaishnava, yaani wa wale wanaomwabudu Mungu kwa jina la Vishnu au Krishna, walikisoma kisa hiki wakasema: kidole kimoja ni juhudi ya mja, cha pili ni huruma ya Mungu. Mwongozo huu wa bhakti, yaani njia ya kumpenda na kumtumikia Mungu, unahusu kidole cha kwanza. Cha pili hakuna awezaye kukiandikia hatua, ila kisa chenyewe kinatwambia kwamba kilimfikia Yashoda akiwa ameshachoka, kamba zingali mkononi.

Naandika kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na watu waliofika hekaluni mara moja, wakasikia nyimbo, wakala chakula, moyo ukaguswa na jambo wasiloweza kulieleza, kisha wakarudi nyumbani bila kujua kesho yake wafanye nini. Njia ninayoieleza ni ile ya Wavaishnava wa Bengal, iliyoenezwa na Chaitanya (1486–1534), maana ndiyo ninayoiishi. Wapo wanaompenda Mungu kwa jina la Rama, la Shiva au la Mama Durga, nao wana taratibu zao nzuri.

Kabla ya hatua ya kwanza

Neno bhakti ni la Kisanskriti. Mzizi wake, bhaj, una maana ya kugawana, kushiriki, kutumikia. Kiswahili kina hazina ya maneno ya kupenda: upendo, mapenzi, mahaba, huba. Nitatumia huba, kwa kuwa ndilo linalobeba joto la jambo lenyewe. Lakini ushike na ule mzizi wa kushiriki, maana bhakti ina mikono, ina jiko, ina saa ya kuamka.

Swali linalonijia kuliko yote ni hili: je, lazima mtu awe Mhindi? Jibu limo katika historia ya njia yenyewe. Kabir alikuwa mfumaji wa Varanasi aliyelelewa katika nyumba ya Waislamu. Ravidas alikuwa fundi wa ngozi, kazi iliyodharauliwa sana. Haridasa, ambaye Chaitanya alimheshimu kama mwalimu wa Jina la Mungu kwa watu wote, alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Kwetu Afrika Mashariki dini hii ilivuka bahari na watu wa Gujarat na Kachchh, na kwa muda mrefu wengi wetu tuliyapita mahekalu yao kwa nje. Mwaka 1971 Bhaktivedanta Swami Prabhupada, aliyekuwa ameanzisha jumuiya ya Hare Krishna mjini New York mwaka 1966, alifika Mombasa na Nairobi, akashikilia kwamba milango ifunguliwe kwa Waafrika pia. Kwa hiyo ingia. Vua viatu mlangoni, uoge kabla ya kwenda, usiende umekula nyama au umekunywa pombe siku hiyo, na ukikuta watu wameketi chini, keti nao.

1. Tafuta kipago chako

Katika sura ya 12 ya Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna, Krishna anampa Arjuna ngazi, ila anaanzia juu. Weka akili yako yote kwangu, anamwambia. Huwezi? Basi jizoeze kila siku hadi uweze. Hilo nalo limekushinda? Fanya kazi kwa ajili yangu. Hata hilo hapana? Basi matunda ya kazi yako yaachilie, usiyang'ang'anie. Ni mistari minne tu, wa 8 hadi wa 11, na kila nikiisoma naona Mungu anayeshuka kipago kwa kipago hadi akutane na mguu wa mtu.

Wengi wetu tuko kipago cha pili au cha tatu. Chukua daftari ujiulize kwa ukweli: kwa siku una dakika ngapi ambazo hakuna anayekuita? Mama wa mtoto mchanga, dereva wa bodaboda na mzee aliyestaafu hawawezi kuwa na ratiba moja. Chagua kiasi ambacho ungekitimiza hata siku ya msiba. Dakika kumi na tano zisizokosa kwa mwaka mzima zitakufikisha mahali ambapo saa mbili za wiki ya kwanza hazitakufikisha.

2. Tafuta watu

Hili halina njia ya mkato. Huba ya Mungu huambukizwa. Tafuta watu ambao ukiondoka kwao unatamani kusali, hata kama ni wawili, hata kama ni wauza mboga. Kaa karibu nao, uwasaidie kazi, uwaulize.

Utasikia pia habari za guru. Usikimbilie. Mapokeo yenyewe yanataka mwalimu na mwanafunzi wapimane kwa muda wa mwaka mzima kabla ya kufungamana. Mtazame akiwa na njaa, akiwa amekosewa, akiwa na maskini. Anayekuharakisha, anayetaka fedha kwanza, au anayekutaka uwaache wazazi wako, muage kwa adabu uende zako.

3. Sikio kabla ya ulimi

Prahlada, mtoto wa mfalme aliyemchukia Mungu, aliulizwa na baba yake jambo bora alilojifunza chuoni. Akataja njia tisa za bhakti: kusikia, kusifu kwa sauti, kukumbuka, kuhudumia miguu ya Bwana, kuabudu madhabahuni, kusujudu, kuwa mtumishi, kuwa rafiki, na kujitoa mzima mzima. Kusikia kumetangulia, na kuna sababu. Huwezi kumpenda usiyemjua habari zake.

Mfalme Parikshit alilaaniwa kwamba atakufa kwa nyoka baada ya siku saba. Hakuita waganga wala majeshi. Aliketi ukingoni mwa mto Ganga akamuuliza Shuka, kijana mtawa: mtu anayekaribia kufa afanye nini? Bhagavata nzima, vitabu kumi na viwili, ndiyo jibu alilopewa. Kwa siku saba kazi yake mfalme ilikuwa moja tu, kusikiliza, na mapokeo yanamtaja kuwa ndiye mfano wa aliyefika kwa sikio peke yake.

Kwa vitendo: kila siku soma au msikilize mtu akisoma ukurasa mmoja, usizidishe mno. Anza na Gita. Ukimaliza, ingia kwenye visa vya Krishna utotoni, katika kitabu cha kumi cha Bhagavata. Soma kwa sauti kama upo peke yako, na kisa kikikugusa kisimulie nyumbani jioni kwa maneno yako. Sisi ni watu wa kusimuliana hadithi, na kisa kilichopita mdomoni mwako hakikutoki tena.

4. Jina

Hapa nitakawia, kwa sababu Chaitanya mwenyewe alikawia hapa. Katika beti zake nane alifundisha kwamba Mungu ameweka nguvu zake zote ndani ya majina yake, na kwamba hakuna saa iliyoharamishwa kuyataja. Mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiwa, inayotumika zaidi ni hii: Hare Krishna Hare Krishna, Krishna Krishna Hare Hare, Hare Rama Hare Rama, Rama Rama Hare Hare. Maneno kumi na sita. Krishna, kwa waja, ni mwenye kuvuta nyoyo zote. Rama ni chemchemi ya furaha. Hare ni mwito kwa Radha, mpenzi wa Krishna, huba yenyewe ya Mungu. Ukiyaweka pamoja ni kilio cha mtoto kwa wazazi wake: nipokeeni, nipeni kazi nyumbani mwenu.

Kutaja Jina kwa utulivu ukihesabu huitwa japa. Aliyekulia pwani ataelewa upesi, maana ni kama kuvuta uradi. Utahitaji tasbihi ya shanga 108, na iliyo bora huchongwa kwa mti wa tulasi, mmea ulio jamaa ya mrihani wetu. Kuna ushanga mmoja mkubwa wa kichwani ambao hauhesabiwi. Anza na ule wa jirani yake. Ushike kati ya kidole gumba na kidole cha kati cha mkono wa kulia. Cha shahada hakiguswi. Taja mantra yote, uhamie ushanga unaofuata. Ukirudi kwenye ule wa kichwani usiuruke: geuza tasbihi, uanze kurudi ulikotoka. Kutoka kichwani hadi kichwani ni mzunguko mmoja, Majina 1,728. Anayeanza huchukua dakika kama kumi, mzoefu saba. Tasbihi hukaa ndani ya kifuko cha kitambaa ili isiguse sakafu wala miguu.

Waliopokea diksha, yaani walioingizwa rasmi na guru, katika jumuiya ya Hare Krishna huahidi mizunguko 16 kila siku. Wewe anza na mmoja, ukae nao mwezi, kisha uongeze wa pili.

Saa inayosifiwa ni brahma-muhurta, inayoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kwisha dakika 48 kabla yake. Huko Vrindavan, mji mtakatifu wa Krishna kando ya mto Yamuna, saa hiyo husogea sana kati ya kiangazi na majira ya baridi. Sisi tulio karibu na Ikweta tumepewa tunu: jua letu halina mzaha. Kwa Mombasa, ukichukua kwamba jua huchomoza kama saa 12 na robo, wakati wako ni takriban saa 10:40 hadi saa 11:27 alfajiri, mwaka mzima, kwa kupishana dakika zisizozidi ishirini hivi. Mwadhini wa mtaani kwangu huadhini nikiwa katikati ya tasbihi, na sijawahi kuhisi kwamba tunagombania alfajiri.

Sasa neno kuhusu akili. Itakimbia. Arjuna mwenyewe alilalamika kuwa kuizuia ni kama kuuzuia upepo, na Krishna hakubisha. Alimwambia ni kazi ngumu, ila huwezekana kwa mazoezi na kwa kuacha kushikamana na vitu. Usijaribu kuichora sura ya Mungu kichwani kwa nguvu, wala usijilazimishe kulia. Ipe akili kazi moja: kusikia. Sauti itoke mdomoni iingie masikioni, silabi kwa silabi. Ukigundua umefika sokoni unahesabu bei za nyanya, usijikemee, rudi kwenye neno linalofuata. Simu iwe chumba kingine. Hili nalisema kwa uchungu, maana mwaka wangu wa kwanza karibu wote niliuvuta huku jicho langu likiwa kwenye kioo chake, vidole vikienda, masikio yakiwa kwingine.

Pamoja na japa kuna kirtani, kuimba kwa pamoja. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, kwa ngoma ya udongo iitwayo mridanga, matuazi na kinanda. Hapa Waafrika hatuhitaji kufundishwa kuitikia. Imba mara moja kwa wiki na wenzako, na kama huna wenzako, imba na wanao jikoni.

5. Jiko na pembe ya ibada

Tenga pembe moja ya nyumba: meza ndogo, picha ya Radha na Krishna, taa, kikombe cha maji. Wengine husitasita mbele ya picha na sanamu, hasa tuliolelewa katika dini zinazozikataza. Mja haamini kwamba ubao ni Mungu. Anaamini kwamba Mungu aliye mahali pote hashindwi kupokea salamu mahali hapa, kwa kumhurumia mwenye macho. Waja huliita tendo hilo darshani, kuonana: unamtazama, naye anakutazama. Kama moyo bado unakuzuia, acha picha, uanze na Jina peke yake. Haraka haipo.

Katika sura ya 9 ya Gita, mstari wa 26, Krishna anasema anayempa jani, ua, tunda au maji kwa huba, anapokea. Hakutaja dhahabu. Asubuhi mbadilishie maji, umwekee ua. Asumini ile ile wanayoshonea vikuba inafaa kabisa, na Vrindavan nako huitumia. Angalizo moja: ua la kumpa Mungu halinuswi kwanza.

Kisha chakula, na hapa ndipo bhakti inapoingia mwilini. Kwa Wavaishnava nyama, samaki na mayai havitolewi. Vitunguu maji na vitunguu saumu navyo huachwa, kwa kuwa vinahesabiwa kuwa vinaichochea na kuizitisha akili. Badala ya kitunguu kaanga mvuje kidogo kwenye samli, huo huo wa madukani mwa dawa za asili, pamoja na bizari nyembamba na tangawizi. Wali, choroko, mchicha wa nazi, viazi, matunda, vyote vinafaa. Pika ukiwa msafi, jiko likiwa safi, na usionje. Chumvi ikadirie kwa jicho. Pakua sehemu kwenye sahani ambayo haitumiki kwa jambo lingine, weka jani la tulasi juu ukilipata (halichumwi usiku), peleka mbele ya picha, gonga kengele ndogo, taja Jina mara tatu au zaidi, umwombe akubali. Ondoka kwa dakika kumi au kumi na tano. Ukirudi, kile chakula si chako tena. Ni prasada, makombo ya Mungu, tabaruku. Kichanganye na kilichobaki sufuriani, ukigawe. Asiyegawa hajaelewa mzizi wa neno bhakti.

Kanuni ya kutoonja ni kali, na naifuata. Lakini waja wanasimuliana juu ya Shabari, bikizee wa msituni aliyemngojea Rama kwa miaka. Rama alipofika, mama huyu aliuma kila tunda kwanza ili ampe matamu tu, na Rama akala yale yaliyoumwa. Yuko pia mke wa mja aitwaye Vidura, ambaye kwa furaha ya kumwona Krishna mlangoni alimenya ndizi, akatupa ndizi, akampa maganda, naye akayala. Usivunje kanuni ili ufanane na Shabari. Shika kanuni, ukijua kwamba mwenye nyumba anatazama ule mkono unaotetemeka.

6. Siku ya kumi na moja

Mara mbili kwa kila mwezi wa mwandamo, siku ya kumi na moja ya mwezi ukikua na ya kumi na moja ukipungua, waja hufunga. Siku hiyo huitwa ekadashi. Aliye na afya na nguvu hukaa bila kula. Wengi huacha nafaka na jamii ya kunde tu. Kwetu haina taabu: mihogo, viazi vitamu, ndizi, maziwa na matunda vinaliwa. Hata sabudana, zile chembe nyeupe ambazo Wahindi hupika siku hiyo, hutokana na muhogo. Muda unaookoka jikoni uingize kwenye tasbihi. Mgonjwa na mjamzito wasijitese.

7. Tembo asiingie shambani

Nimekulia karibu na Tsavo. Najua shamba la miezi minne linavyoweza kwisha usiku mmoja. Ndiyo maana mfano wa Chaitanya ulinishika nilipousikia mara ya kwanza. Bhakti, alisema, ni mmea unaotambaa uliopandwa moyoni, na maji yake ni kusikia na kutaja Jina. Kumkosea mja mwingine ni tembo mwenye wazimu anayeingia bustanini na kuung'oa mmea na mizizi yake. Weka uzio. Katika orodha ya makosa kumi dhidi ya Jina, la kwanza ni kuwasema vibaya waliojitoa kwa Mungu.

Mfano huo una sehemu ya pili ambayo watu huipita. Maji yale yale unayoumwagilia mmea yanaotesha na magugu: kutaka sifa, kutaka faida, kutaka kuonekana mcha Mungu. Magugu yanafanana na mmea wenyewe yakiwa machanga. Ukiona unahesabu mizunguko ili umwambie mtu, hilo ni gugu, ling'oe lingali dogo.

Haya yalinifika. Niliwahi kumsema mzee mmoja wa jumuiya yetu kwa namna alivyokuwa akiongoza kirtani, nikacheka na wenzangu. Mwezi uliofuata tasbihi ilikuwa kokoto mkononi. Nikazidisha mizunguko, nikamlilia Krishna anisamehe, wapi. Kumbe jibu lilikuwa katika kisa cha Durvasa, mtawa mkali aliyemkosea mfalme Ambarisha, akakimbia mbinguni na ardhini kutafuta kinga, mpaka akafika kwa Vishnu mwenyewe. Vishnu akamwambia: mimi nimefungwa na waja wangu, rudi kwa uliyemkosea. Na Ambarisha alikuwa amemngoja mwaka mzima kwa maji tu, hakutaka kula kabla ya mgeni wake. Nilimwendea yule mzee nyumbani kwake nikamwambia, "Shikamoo mzee, nimekukosea." Aliniwekea chai. Hakuuliza nilisema nini.

8. Walio nyumbani mwako

Wapo wanaoanza njia hii kisha wakaacha kuosha vyombo. Wasikie habari za Pundalik wa Pandharpur, huko Maharashtra. Alikuwa akiwahudumia wazazi wake wazee Mungu alipokuja kumtembelea. Hakuinuka. Alimrushia tofali akamwomba asimame juu yake angoje, kwa kuwa nje palikuwa na matope. Mungu akasimama, mikono kiunoni, na mpaka leo umbo lake hekaluni Pandharpur, kwa jina la Vithoba, limesimama juu ya tofali. Kila mwaka mahujaji kutoka Alandi na Dehu hutembea kwa miguu zaidi ya kilomita 200, kwa karibu wiki tatu, wakiimba, kwenda kumwona huyo aliyekubali kungojeshwa.

Basi kabla ya kumwambia mama yako kwamba huwezi kumpeleka hospitali kwa sababu hujamaliza mizunguko, likumbuke tofali.

9. Nabati ikiwa chungu

Rupa Goswami, mwanafunzi wa Chaitanya, alikamilisha mwaka 1541 kitabu kilichopanga safari hii kwa vituo tisa. Imani. Kisha usuhuba wa watu wema. Kisha ibada yenye ratiba. Kisha takataka za moyo kuanza kuondoka. Kisha uthabiti. Cha sita, ladha. Cha saba, kunaswa. Cha nane bhava, chipukizi la huba. Cha tisa prema, huba iliyokomaa.

Tazama ladha ilipo. Ni ya sita. Karibu kila aliyeacha njia hii niliyemfahamu aliacha kwa sababu aliitafuta katika kituo cha tatu. Siku za mwanzo huwa na utamu, ule wa mgeni anayekirimiwa, kisha hukauka, naye hudhani Mungu amemwacha au kwamba yeye hakuumbiwa jambo hili. Hajaachwa. Yuko barabarani, mahali barabara inapopita.

Rupa alitoa mfano mwingine. Mwenye ugonjwa wa manjano huona nabati ni chungu. Kasoro iko kwenye ulimi, nabati haina kosa, na katika utabibu wa kwao nabati hiyo hiyo ndiyo dawa. Anailamba chungu, kila siku, na kadiri ugonjwa unavyopungua ndivyo utamu unavyorudi. Kwa hiyo miezi ya ukavu usibadilishe mantra, usihame hekalu, usiongeze mizunguko kwa hasira. Punguza hadi kile kiasi cha siku ya msiba, ukishike. Ongeza kusikiliza visa. Tafuta mtu wa kumpikia. Ukikosa siku moja, kesho yake anza ushanga wa kwanza bila kujihukumu.

Utajuaje kwamba chipukizi limetoka?

Machozi peke yake siyaamini sana, na Rupa naye alionya kuwa yapo ya kuigiza. Dalili alizozitaja ni za kimya zaidi. Mtu anaudhiwa na hatikisiki. Hapendi muda upotee. Heshima haimwongezei kitu. Ana tumaini lisilokatika kwamba Bwana atamhurumia, na papo hapo ana kiu isiyotulia. Jina halimchoshi. Anapenda kukaa mahali Mungu anapotajwa. Ukiziona kwa mwenzako, kaa naye karibu. Kwako mwenyewe usizichunguze kila siku. Anayefukua mbegu aone kama imeota huiua.

Huba ikikomaa huchukua sura ya uhusiano, na mapokeo yanataja tano: utulivu wa anayestaajabia, utumishi kama wa Hanuman kwa Rama, urafiki, uzazi kama wa Yashoda, na mahaba kama ya wachungaji wanawake wa Vrindavan. Hupangiwi na hujichagulii kama vazi. Hujitokeza yenyewe baada ya muda mrefu, na mwalimu mzuri atakukataza kuigiza.

Jambo la mwisho liliwashangaza hata waliomjua Chaitanya. Katika miaka yake ya mwisho katika mji wa Puri, mtu huyu ambaye wengi walimwona amefika alilia zaidi kuliko alipoanza. Katika mojawapo ya zile beti nane alisema dakika moja imekuwa kama enzi nzima, macho yananyesha kama masika, dunia yote ni tupu bila Govinda, yaani Krishna. Waja huiita hali hiyo viraha, uchungu wa kutengana, na huihesabu kuwa ndani kabisa ya huba. Kwa hiyo ukiamka alfajiri moja baada ya miaka mingi ukakuta kiu yako ni kubwa kuliko ya siku ile ya kwanza hekaluni, usidhani umerudi nyuma. Nawa uso, washa taa, mbadilishie maji, ushike ushanga wa kwanza.